Fungu la Nasra

Siku ya kuniaga, wenzangu wa ofisini walinizawadia saa ya ukutani. Mtu anaitumikia saa ujana wake wote, na siku anapoachiwa huru anapewa ya kwake aende nayo nyumbani. Nikashukuru, nikala halwa, nikapigwa picha na mkubwa wa idara, ambaye baada ya miaka yote jina langu bado alilisoma kwenye karatasi. Baadaye wale wasichana wawili wapya wa kitengo chetu wakanivuta pembeni. "Bi Asila, tuandikie japo kidogo. Tueleze kazi ulikuwa ukiifanyaje." Basi hiki ndicho hicho kidogo. Vyeo vyangu sitavieleza kwa kuwa havijazi hata mstari, na mshahara ni siri yangu na benki.

Kwa asiyeijua kazi yetu: nilikuwa nikienda majumbani, hapa Muscat, kuwaona watu walioomba posho ya ulemavu, kisha nikirudi ofisini na fomu inayosema kama wanastahili au hawastahili. Posho ilikuwa ya mlemavu asiye na cha kumtosha. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyotulisha sisi sote. Ingekuwa ni ulemavu peke yake, daktari angetosha. Lakini mtu alitakiwa awe mlemavu na awe maskini, na umaskini hauonekani kwenye mashine ya daktari, ndipo tukaajiriwa sisi kwenda kuchungulia majiko ya watu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Niliyeambiwa nimfuate alikuwa Bi Thuweiba, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi shingoni, na katika jengo zima hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kiti chake. Alinitazama kuanzia chini. "Wewe mwanangu, leo waenda kwenye arusi ya nani?" Tukaenda mtaa wa Hail. Wakati ule simu hazikuwa zikimwonyesha mtu njia, tulikuwa tukiambiwa, "Pita msikiti, ukuta wa pili wenye bati, ulizia nyumba ya mwenye mbuzi." Kila nyumba ilikuwa na mbuzi. Hadi tunafika, kisigino kimoja nilikuwa nimekiacha mchangani.

Mzee tuliyemwendea alikuwa amelazwa juu ya mkeka katika chumba cha uani, ukuta umebanduka rangi, feni haizunguki. Nililia, na siwafichi. Bi Thuweiba hakulia. Alikunywa kahawa, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kisha akaomba kwenda msalani. Njiani alipita sebuleni, akaweka kiganja chake juu ya televisheni. Ilikuwa ya moto. Mbele yake palikuwa na godoro lenye alama ya mtu aliyelala hapo miezi, na kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji bado.

Tulipotoka aliniambia, "Yule mzee kwake ni sebuleni, anatazama michezo yake kwenye baridi. Uani kaletwa saa hii kwa ajili yetu. Sasa nambie, nani aliyemtesa leo, wao au sisi?" Nikadhani atamnyima. Akaandika kwamba anastahili. Nikamwuliza, mbona wamekudanganya nawe unawapa? "Wamedanganya chumba," akasema. "Miguu yake hawakuidanganya."

Hiyo ndiyo skuli niliyosomea. Mengine niliyafundishwa kidogo kidogo. Kwanza hesabu viatu mlangoni kabla hujaambiwa watu wangapi wanaishi humo. Kahawa unywe, maana ukiikataa hutaambiwa kitu cha kweli. Ila halwa uikatae, kwa sababu ukiila utaandika kila kitu kitamu. Halafu machozi. "Machozi hayajazi fomu," alikuwa akisema, na akimaanisha ya kwetu sisi, siyo ya wenye nyumba.

Kubwa kuliko yote lilikuwa daftari. Alininunulia jeusi, la jalada gumu. "Fomu ya ofisi, andika wanalouliza. Humu andika ulichokiona." Nilijaza mengi baada ya hilo. La mwisho nimewaachia kwenye droo ya chini ya meza yangu ya zamani, chini ya karatasi za kaboni ambazo hakuna anayejua tena ni za nini.

Watu walitudanganya kwa juhudi ambayo wangeitia kwenye biashara wangetajirika bila posho. Familia moja ililifunika friji jipya kwa kitambaa cha maua, ikaweka juu yake picha ya marehemu. "Hili kabati la bibi," wakaniambia. Niko katikati ya kuandika, kabati la bibi likanguruma. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Nami nikasema Mungu amrehemu, nikaendelea.

Lakini uwongo wa watu haukutushinda. Kilichotushinda ni ukweli, hasa ukweli wa mirathi. Kwetu mtu akifa mali yake hugawanywa kwa mafungu kwenye karatasi, na kwenye ardhi haigawanywi milele. Nyumba moja ina wenyewe kumi na saba, na anayekaa ndani ni mmoja na paka. Nilikuwa na kipofu mmoja aliyerithi fungu dogo la kisima huko bara kwao, kisima ambacho hakikuwa na maji tangu babu yake yuko hai. Fomu iliuliza: anamiliki mali isiyohamishika? Ndiyo. Posho ikasimama. Ilinichukua nusu mwaka kuithibitishia ofisi kwamba shimo ni shimo.

Zikaja kompyuta, zikaunganishwa na za ofisi ya ardhi, na tangu hapo hatukuwa na haja ya kuambiwa nani kafa. Asubuhi unafungua, mstari mwekundu uko pale: fulani amepata mali. Tulijua habari ya urithi kabla ya matanga kumalizika. Sisi pale ofisini tuliyaita hayo maendeleo.

Sasa nimfikie Nasra. Nimezunguka makusudi.

Nasra nilikabidhiwa na Bi Thuweiba alipostaafu, pamoja na faili zake nyengine zote. Alikuwa mwanamke wa makamo, hajatembea tangu utotoni, na mdomo wake ulitembea kwa niaba ya miguu. Alikuwa akishona kofia, zile nyeupe za kutoboa kwa sindano tundu moja moja, na kofia moja ilimchukua wiki kadhaa, kwa hiyo kwa kofia peke yake angekufa njaa huku vichwa vya wanaume wa mji vikipendeza. Posho ndiyo iliyomlipia mwanamke wa kuja kumsaidia kuoga asubuhi, na mipira ya kiti chake cha magurudumu kila ilipolika. Tena ilikuwa fedha ambayo hamwombi mtu, na hilo alilipenda kuliko fedha yenyewe.

Aliishi Hail na mama yake, baba alikwisha kufa zamani, na nyumba ilikuwa ya mama. Nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya magurudumu. Milango mipana, swichi za taa usawa wa mkono wa mtu aliyekaa, meza ya jikoni fupi, na kutoka mlangoni hadi getini mteremko wa saruji. Mteremko wa mwanzo fundi aliujenga mkali. Mama mtu akamwambia, "Kaa wewe kwenye kiti, nikusukume." Fundi akaishia kwenye ukuta wa jirani, na kesho yake akaujenga upya. Ndani ya nyumba ile Nasra hakumhitaji mtu ila saa ya kuoga. Aliingia, akatoka, akapika, akafungua geti akagombana na muuza samaki, akafunga.

Mama akafa. Warithi walikuwa wawili, Nasra na kaka yake Hamdun. Mahakama ikaandika kama inavyoandikwa: Hamdun mafungu mawili, Nasra fungu moja. Hati ya nyumba ikawa na majina mawili, na kwenye kompyuta yangu ukatokea mstari mwekundu. Posho ya Nasra ikasimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Katika uchunguzi wetu, mara nyingi aliyetangulia kwisha ni mwenye kuchunguzwa, siyo uchunguzi.

Nilikwenda. Nilimkuta mbele ya meza yake fupi, anakata kitunguu.

"Karibu, Bi Asila. Umekuja kunipa pole ya mama au ya posho?"

"Zote mbili."

"Mimi nnataka kufahamu kitu kimoja tu. Nyumba hii nlikuwa nakaa juzi, na leo nnakaa. Juzi nlikuwa maskini. Leo mmenambia tajiri. Nimefanya nini hapo katikati?"

"Juzi ilikuwa ya mama yako."

"Kwa hivyo mama angekuwa hai mngenipa."

"Tungekupa."

"Basi mauti ya mama yamenitajirisha." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, kitunguu kilimsaidia. "Mwambie mkubwa wako ahsante."

Nilimwendea mkubwa wa idara. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ndiyo au hapana. Akaniambia, "Si ana fungu? Auze fungu lake, apate cha kumtosha."

"Atauzaje theluthi ya nyumba? Auze jiko na nusu ya ukumbi?"

"Bi Asila, fomu haiulizi theluthi. Inauliza anamiliki au hamiliki."

Na hapa ndipo ilipoingia dawa ya ofisi yetu. Haikuandikwa popote, na kila mtu aliijua. Kwa Kiarabu tunaiita tanazul: mrithi anakwenda kwa mthibitishaji wa hati, anatia saini kwamba amejitoa, fungu lake kampa ndugu yake. Kesho yake kompyuta inasema hamiliki kitu, mstari mwekundu unatoweka, posho inarudi. Dawa ilitupendeza kwa sababu ilifanana na tabia zetu. Kwetu mwanamke akidai fungu lake, anatazamwa kama aliyemwibia kaka yake. Akiliacha, anaombewa dua Ijumaa mbili, ya tatu anasahauliwa. Basi kwa saini moja fomu iliridhika, kaka aliridhika, na majirani waliridhika. Nani basi wa kulalamika?

Mimi ndiye niliyempelekea Nasra dawa hiyo, kwa mguu wangu, na roho safi. Nilidhani namwokoa. Hamdun naye alikuwepo, kanzu inanukia udi, simu mbili mkononi. Nilipomaliza kueleza alishika moyo wake.

"Mimi na dada yangu tuna habari ya fungu? Wallahi nyumba hii ni yake mpaka siku ya kiama. Hii karatasi tu, Bi Asila, ya kuwaridhisha nyinyi."

"Sikia," nikamwambia Nasra. "Ni saini ndogo tu. Utakaa humu humu, na posho utapata."

Nasra alimtazama kaka yake. Kisha akaniuliza, "Bi Asila, na wewe baba yako alipokufa, ulijitoa?"

Nikamjibu, "Mimi si mlemavu, Nasra. Kesi yangu nyengine."

Nayaandika haya kwa mkono wangu ili mjue. Ndivyo nilivyomjibu. Na kesi yangu yenyewe ilikuwa hivi: baba yangu aliacha vyumba viwili vya mawe na uwanja huko Qantab, juu kidogo ya pwani, na kaka zangu watatu walinijia na biskuti wakaniambia, "Dada, si utusamehe lako?" Nikakataa. Nikawaambia fungu langu Mungu kanipa, nyinyi mnanipa biskuti. Walininunia Idi mbili. Jina langu liko kwenye hati hadi leo, na kila mwaka nakwenda kuugusa ukuta. Nilijua vizuri sana fungu ni nini. Nilimjua na Hamdun, nimewaona akina Hamdun wengi. Lakini Nasra nilimtazama nikaona faili, na faili linatakiwa lifungwe.

Akatia saini. Posho ikarudi mwezi ule ule, nami nikajipongeza. Kwenye fomu niliandika, "Hamiliki mali." Kwenye daftari jeusi sikuandika kitu siku ile, na ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Siku ya kiama ya Hamdun ilikuja kabla ya mwaka kutimia. Akapata mtu wa kujenga naye fleti za kupangisha. Nilipita Hail kwa kazi nyengine nikakuta mashine imeshaibomoa nusu ya nyumba, jiko liko wazi barabarani, ile meza fupi inaonekana kama ya watoto. Mteremko wa saruji ulikuwa bado. Malori ya kifusi yalikuwa yakipanda juu yake, na niliona yanaupenda, kwa kuwa ulijengwa vizuri.

Nikampigia simu Hamdun. "Dada yangu akae peke yake? Watu watasema nini?" akaniambia. "Nimemchukua kwangu, Khuwair ya Kusini. Anakula tunachokula sisi. Nenda kamtazame."

Nikaenda. Aliyenifungulia mlango alikuwa Neema, mtumishi wa nyumba, dada wa Kitanzania kutoka Iringa. Chini palikuwa na ukumbi wa wageni, mazulia na mito ya kuegemea, na hakuna mgeni.

"Karibu, mama. Dada yupo juu."

"Juu wapi?"

"Ghorofa ya pili. Huku chini bosi anasema ni kwa ajili ya wageni."

"Na anashuka vipi?"

"Tunambeba mimi na dereva. Dereva akiwa na safari, hashuki. Hii wiki ya pili sasa." Akatazama ngazi, akashusha sauti. "Mama, mimi nilishamwambia bosi. Akasema dada yuko vizuri, ana AC na TV. Ni kweli anavyo."

Kiti cha magurudumu kilikuwa chini ya ngazi, maana ngazi zilikuwa nyembamba hakikupita. Basi Nasra alikuwa juu na miguu yake ilikuwa chini. Televisheni za siku hizi hazipati moto, ukizigusa hazikwambii kitu, lakini mkono ulikuwa umezoea kugusa. Niligusa gurudumu. Vumbi lilikuwa nene kiasi cha kuandikwa jina.

Nilimkuta kitandani anashona. Hakunilaumu. Alinitania tu. "Bi Asila, umepanda ngazi zote hizo? Mashallah. Nambie huko duniani kuna nini." Ningependa angenitukana, ningejua pa kuweka mikono.

Niliporudi ofisini nikakuta mstari mwekundu mwengine. Kompyuta ilikuwa imeona anwani mpya. Nasra sasa anaishi kwa kaka mwenye kipato kizuri, kwa hiyo ana mwenye kumkimu, kwa hiyo ana cha kumtosha, kwa hiyo hastahili. Alipokuwa na nyumba alikuwa tajiri. Alipokuwa hana nyumba alikuwa na kaka tajiri. Posho ikasimama tena, na mara hii haikuwa na dawa, kwa sababu mtu hawezi kujitoa katika kaka.

Nikaandika barua tatu kwa mkubwa, nikaeleza ngazi, nikaeleza kiti na vumbi lake. Barua zilirudi zina mhuri, na mhuri ulikuwa mzuri. Nikamwendea Hamdun dukani kwake kumtaka amrudishie dada yake japo kiasi cha fungu, au ampe chumba cha chini. Alinipa kahawa, adabu ilikuwa haijamtoka.

"Bi Asila, yeye alitoa kwa hiari yake. Hakuna aliyemlazimisha. Na wewe ulikuwepo." Akatabasamu. "Kwani nani aliyemwambia ajitoe? Mimi?"

Nikakitikisa kikombe, nikaondoka. Mtu mwenye haki anaweza kugombana na mwongo, lakini yeye siku ile hakusema uwongo.

Wasichana wangu, kama lazima mtu ajitoe, na ikitokea sheria za kijinga zikamsukuma huko, basi yaandikwe kwenye hati yenyewe kwamba ana haki ya kukaa humo maisha yake, nyumba isibomolewe wala isipangishwe bila saini yake. Ni mstari mmoja. Mthibitishaji angeuandika kama angeambiwa. Mimi nilijua mstari huo upo, kwa sababu kaka zangu waliniahidi wangeniandikia, nami nikakataa hata huo. Kwa Nasra haukunijia kichwani, na sina udhuru.

Miaka ikapita hivyo. Nasra aliishi kwa mkono wa kaka yake. Mipira ya kiti haikuwa na haja ya kubadilishwa tena, maana haikuwa ikilika. Uzi wa kofia alikuwa akiletewa na Neema, na Neema hakuwa na mshahara wa kununulia watu uzi.

Kisha ukaja utaratibu mpya. Tuliitwa ukumbini, tukapewa maji ya chupa, na mkubwa wa idara akasimama kutueleza. Sasa posho ya ulemavu ni ya ulemavu. Ripoti ya daktari inatosha. Nyumba, fungu, kisima, kaka, haviulizwi. "Tumewaondolea wananchi usumbufu," akasema, kama vile usumbufu uliletwa na upepo, na siyo yeye yule yule wa anamiliki au hamiliki. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, maana jambo lenyewe lilikuwa zuri. Nilipiga makofi huku nikihesabu wote niliowashauri wajitoe, na nilipofika wa tisa nikaacha, mikono ilikuwa inauma.

Fomu za utaratibu mpya zinajazwa kwa simu, hakuna haja ya kwenda kwa mtu. Ya Nasra nikaomba niende mwenyewe, imebaki wiki moja nistaafu. Neema alinifungulia, kanenepa kidogo, sasa anasema nnakwenda, nnakuja, kama sisi. Nikapanda zile ngazi kwa vituo viwili.

Alikuwa dirishani, mvi zimemjaa, kofia iko magotini. Nikamwuliza jina, nambari, nikaangalia ripoti ya daktari, akatia saini. Haikuchukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

"Khalas?"

"Khalas. Utaanza kupata."

"Mbona hujaniuliza nyumba?"

"Siku hizi hatuulizi, Nasra."

Sindano ikasimama. Nje palipita gari la gesi linapiga kengele, likaenda hadi mwisho wa mtaa.

"Hamuulizi," akasema. "Kwa hivyo ningekaa kimya tu, nisitie saini, nikavumilia, leo ningekuwa na nyumba yangu na posho yangu."

Garini nilikuwa nimetayarisha maneno ya kadari na subira, mazuri kabisa. Niliyaacha huko huko. Niliona haya mbele ya mwanamke yule kuliko nilivyopata kuona mbele ya mtu yeyote.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi niulize."

"Nasra..."

"Niulize kama zamani. Kwa ile sauti yako ya fomu."

Nikamwuliza. "Unamiliki nyumba?"

"Nlikuwa nayo. Hail. Ina milango mipana, ina meza ya jikoni ya kimo changu, ina mteremko mpaka getini. Andika."

Fomu mpya haina pahala pa kuandika hayo. Nikatoa daftari jeusi, nikaandika, nikamsomea.

"Andika na fundi alivyoanguka."

Nikaandika fundi.

"Sasa hapo chini, andika nani aliyenambia nitie saini."

Nikaandika jina langu, na la baba yangu, na la babu, kama linavyoandikwa kwenye hati.

Akaendelea kushona. Bila ya kunyanyua kichwa akauliza, "Na yeye huyo, ana nyumba?"

"Ana fungu lake Qantab," nikasema. "Alitakiwa ajitoe, akakataa."

Akakata uzi kwa meno.

"Andika na hilo."